Shahada ya kriminolojia: ada itarudi lini?

Barua saba tulizochagua safari hii zinazunguka jambo moja: miaka na fedha zinazoingia kwenye shahada ya kriminolojia, zinarudi? Ada na mishahara hutofautiana mno kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa hiyo hesabu zilizomo humu tumezifanya kwa "vipande". Kipande kimoja ni kiasi chochote cha fedha za kwenu. Weka tarakimu zako mahali pa zetu, hesabu itakwenda vilevile.

SWALI: Nimemaliza sekondari na nimefaulu vizuri biolojia na kemia. Ninachotaka ni kazi ya kupima damu na alama za vidole zinazokutwa eneo la tukio. Chuo kimenipa nafasi ya kriminolojia. Niichukue?

Kwa kazi hiyo, usiichukue. Kriminolojia haifundishi kupima damu. Ni sayansi ya jamii: inauliza kwa nini watu huvunja sheria, nani huumia, adhabu inabadilisha nini, na takwimu za polisi zinaficha nini. Raffaele Garofalo, aliyeipa taaluma hii jina mwaka 1885, alikuwa mwanasheria wa Kiitalia, na hadi leo inakaa jirani na sosholojia na sheria, mbali na maabara.

Maabara za jinai huajiri watu wa kemia, biolojia, biokemia na jenetiki, na mara nyingi huhesabu hata masomo ya vitendo yaliyo kwenye nakala yako ya matokeo. Pengo hilo halizibwi kwa kozi fupi. Anayepima vinasaba atapanda kizimbani siku moja kutoa ushahidi, na wakili wa utetezi ataanzia hapohapo: umesomea nini? Jibu likiwa dhaifu, kipimo chote kinatiwa shaka.

Kinachowapoteza wengi ni jina la kozi. Utakuta imeandikwa "Kriminolojia na Sayansi ya Uchunguzi wa Jinai", ukifungua orodha ya masomo unaona mawili tu ya uchunguzi, tena ya nadharia. Kwa hiyo kabla ya kujibu chuo, omba orodha ya masomo ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza peke yake. Pigia mstari kila somo lenye saa za maabara, kisha jumlisha krediti zake. Zisipofika hata theluthi ya shahada, hiyo ni kriminolojia iliyovikwa koti jeupe.

Kuna jambo jingine, kijana wetu. Mwenye shahada ya kemia anaweza kuongeza uzamili wa kriminolojia kwa mwaka mmoja au miwili akiipenda. Mwenye kriminolojia akitaka kemia, anaanza moja. Ukiwa na ufaulu kama wako, mlango unaofunguka pande zote mbili ndio wa kuuingia. Tukumbushe tu kwamba kazi ya alama za vidole na ya kupiga picha eneo la tukio, katika vikosi vingine, hufundishwa kazini kwa askari wa kawaida. Kama hiyo pekee ndiyo ndoto yako, ulizia njia hiyo kwanza.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku na nina familia. Nimekusanya karibu ada yote ya miaka mitatu. Nataka kuacha kazi nisome kriminolojia, nirudi nikiwa msimamizi. Mnaionaje hesabu hii?

Ndugu yetu, ada ndiyo gharama unayoiona. Kubwa zaidi haimo kwenye karatasi ya chuo: ni mshahara ambao hutaupokea.

Tuseme leo unalipwa vipande 10 kwa mwezi, yaani 120 kwa mwaka. Ada ni 60 kwa mwaka, na michango, vitabu na nauli ni 12. Kwa miaka 3 ada ni 180 na hayo mengine 36. Ukiacha kazi, unakosa pia 120 mara 3, yaani 360. Jumla ni 576, na ada uliyoikusanya kwa jasho haifiki hata theluthi yake.

Sasa upande wa faida. Tuseme usimamizi unalipa vipande 14. Wengi hukosea hapa kwa kuchukua 14 nzima kama tunda la shahada, wakati 10 walikuwa nazo tayari. Tunda ni 4 kwa mwezi, 48 kwa mwaka. Toa kodi (tuseme 10 za leo hazifiki kiwango cha kukatwa, ila nyongeza inakatwa asilimia 20), zinabaki 38.4. Gawanya 576 kwa 38.4: miaka 15. Ongeza 3 ya masomo, na utakuwa umerudi pale ulipoanzia miaka 18 kuanzia leo. Hesabu hiyo, kumbuka, inadhani cheo kitakusubiri mlangoni siku ya mahafali, na kwamba ungebaki kazini wasingekuongeza hata senti.

Geuza mpango. Usiache kazi, soma kwa muda wa ziada miaka 6. Kama chuo kinatoza kwa somo, ada inabaki 180. Michango na mengineyo, 12 mara 6, ni 72. Jumla ni 252, na ukigawanya kwa 38.4 ile ile unapata miaka 6 na kama miezi 7. Ukijumlisha na muda wa masomo, fedha zako zimerudi ndani ya miaka 12 na miezi 7. Shahada ni ile ile na cheo kile kile. Ulichookoa ni mshahara.

Mbona tumesema miaka 6, na si 4 kama matangazo ya vyuo yanavyopenda kusema? Kwa sababu ya saa. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti inakadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Shahada ya miaka 3 basi ni saa 4,500 hadi 5,400. Ukizitandaza kwa miaka 6, yenye wiki 40 za kusoma kila mmoja, unapata saa 19 hadi 23 kwa wiki. Kwa miaka 4 zinakuwa 28 na zaidi, juu ya kazi ya usiku. Anayejaribu hivyo ni rahisi kuangukia njiani, na hapo hupoteza ada bila kupata cheti. Hakuna shahada ghali kama ile isiyomalizika.

Ada iliyopungua usiijazie kwa mkopo bila kupima. Tuseme umeikopa ada yote: mkopo wa vipande 180 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, unaolipwa kila mwezi kwa miaka 10, ni marejesho ya karibu 2.18 kwa mwezi, na jumla utarudisha kama 262. Nyongeza yako baada ya kodi ilikuwa 3.2 kwa mwezi. Kwa hiyo kwa miaka 10 utakuwa msimamizi mwenye cheo kipya na kipande kimoja tu cha ziada mfukoni.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa meneja wako na swali moja: nafasi ya usimamizi inadai shahada, na ni shahada gani? Omba uoneshwe kwa maandishi, kwenye waraka wa sifa za kazi. Mara nyingi utakuta "shahada yoyote" au "stashahada na uzoefu". Ikiwa ni yoyote, linganisha kriminolojia na usimamizi wa biashara au rasilimali watu, ambazo zinatumika hata nje ya ulinzi. Ikiwa ni uzoefu na mafunzo, angalia vyeti vya ASIS International, chama cha wataalamu wa usalama kilichoanzishwa mwaka 1955. APP ni kwa wanaoanza kusimamia, CPP kwa waliokwisha kukaa miaka kwenye uongozi. Mtihani na vitabu vyake hugharimu sehemu ndogo ya shahada, na husomwa kwa miezi.

SWALI: Binti yetu anataka kuwa ofisa wa polisi. Anasema kriminolojia itamwingiza moja kwa moja. Tuko tayari kukopa. Mnashauri nini?

Msikope kwanza. Mpelekeni kwa daktari.

Hatufanyi mzaha. Vikosi vingi vina vipimo vya macho, masikio, kifua na viungo, na vingine vina umri wa mwisho wa kuajiriwa. Kipimo kinachowashtua watu ni kile cha rangi: kurasa zenye duara la vitone vya rangi mbalimbali, ndani yake mkiwa na tarakimu. Mtu anayeona rangi kwa kawaida husoma namba moja, mwenye kasoro husoma nyingine au haoni kitu. Kilibuniwa na daktari wa Kijapani Shinobu Ishihara, kikachapishwa 1917, na mpaka leo kinawarudisha watu nyumbani. Wapo wanaojua kasoro hiyo baada ya shahada nzima, siku ya usaili. Kasoro ya rangi huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, lakini kupima ni dakika chache tu. Chukueni sifa za kiafya za kikosi anachokitaka, mpeni daktari karatasi hiyo, na daktari apitie kila mstari.

Umri nao muuhesabu kwa penseli: umri wake leo, ongeza miaka ya shahada, ongeza mwaka mmoja au miwili ya kusubiri tangazo. Linganisheni na ukomo wa kikosi.

Hatua ya pili ni kukusanya matangazo 30 ya karibuni ya kazi anazozitaka, ya polisi na yale yanayofanana nayo: uhamiaji, forodha, magereza, probesheni. Chora safu tatu kwenye karatasi: shahada ni lazima, shahada ni sifa ya ziada, shahada haikutajwa. Kwenye safu ya kwanza weka alama pale tu wanapotaja kriminolojia kwa jina. Kazi hii ni ya jioni mbili na ina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, wetu ukiwemo. Katika nchi nyingi mtagundua kwamba askari wa ngazi ya chini huingia na cheti cha sekondari, na kwamba pale panapotakiwa shahada, sheria, uhasibu au kompyuta zinapokelewa sawa na kriminolojia, pengine kwa hamu zaidi.

Na masharti hubadilika mwanafunzi akiwa darasani. England na Wales zilitangaza mwaka 2016 kwamba askari wapya watatakiwa kuwa na shahada au kuipata wakiwa kazini. Kufikia 2024 njia isiyo na shahada ilikuwa imerudishwa. Aliyesoma kwa ajili ya sharti lile peke yake alijikuta amesimama foleni moja na asiyesoma.

Shahada ina faida polisini, hatukatai. Hutokea baadaye: kupanda cheo, kuhamia kitengo cha takwimu au mafunzo, na kupata kazi nyingine siku akiacha magwanda. Tatizo ni mkopo. Uchunguzi wa tabia kabla ya ajira hutazama pia madeni, kwa hoja kwamba askari anayesumbuliwa na wadai hushawishika kirahisi. Mkopo wa masomo unaolipwa kwa wakati haumdhuru. Uliolala bila kulipwa unaweza kumfungia mlango ule ule uliochukuliwa kuufungua. Kama atakubaliwa polisi sasa, aingie, kisha asome akiwa kazini. Vikosi vingine huwalipia askari wao ada au hutoa likizo ya masomo.

SWALI: Nataka kuwa profaila, yule anayesoma akili za wauaji. Nianzie kriminolojia au saikolojia?

Kazi hiyo kama inavyooneshwa kwenye runinga haitangazwi popote. FBI yenyewe, shirika la upelelezi la Marekani ambalo ndilo lililoipa umaarufu, inasema haina cheo kinachoitwa profaila. Uchambuzi wa tabia hufanywa na maofisa waliokwisha kufanya upelelezi wa kawaida kwa miaka. Kuwa ofisa wao maalumu kwa kawaida kunahitaji uraia wa Marekani, shahada ya fani yoyote kutoka chuo kilichoidhinishwa, uzoefu wa kazi, na umri usiopungua 23. Ukipenda akili za watu, soma saikolojia mpaka uzamili na leseni. Magereza, hospitali na mahakama huajiri wanasaikolojia wa kutathmini wafungwa, na kazi hiyo ipo kweli.

SWALI: Nafanya kazi benki, nina shahada ya uhasibu. Nimevutiwa na uchunguzi wa udanganyifu na utakatishaji fedha. Je, nichukue uzamili wa kriminolojia?

Dada, wewe ndiye mwenye karata nzuri kuliko wote walioandika. Tangu FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kiundwe mwaka 1989, benki zimelazimika kuchunguza wateja na kuripoti miamala yenye shaka, na vitengo vya uzingatiaji wa sheria vinahitaji watu wengi. Wanachohitaji ni mtu anayesoma hesabu na kuandika ripoti isiyoyumba. Uhasibu unao. Uzamili wa kriminolojia utakupa nadharia nzuri ya kwa nini mtu mwaminifu huanza kuiba ofisini, lakini meneja wa kitengo haajiri kwa hilo.

Cheti cha CFE cha ACFE, chama cha wachunguzi wa udanganyifu kilichoanzishwa 1988, kimetengenezwa kwa watu wa aina yako. Utaratibu wake ni wa alama: 40 kukuruhusu kufanya mtihani, 50 kupewa cheti. Shahada ya kwanza huleta 40, na zinazobaki huja kwa uzoefu, ambapo miaka miwili ya kazi inayohusiana na udanganyifu ni ya lazima. Maana yake unaweza kukaa mtihani sasa na kukamilisha uzoefu ukiwa hapohapo benki, mradi uombe kuhamishwa au kushirikishwa kwenye uchunguzi wa ndani. Weka kwenye bajeti ada ya uanachama ya kila mwaka na saa 20 za mafunzo ya kuendelea kila mwaka. Watu husahau gharama hizo mbili na cheti kinawafia mkononi. Kwa utakatishaji fedha peke yake, cheti kinachojulikana zaidi mabenki ni CAMS.

Ukitaka kujua kama kazi yenyewe utaipenda, jaribu hivi. Chukua orodha ya malipo elfu kadhaa ambayo unaruhusiwa kuitumia, kisha uhesabu tarakimu ya kwanza ya kila kiasi, ni 1 ngapi, 2 ngapi, hadi 9. Kwa kanuni ya Benford, viasi vinavyoanza na 1 vinatarajiwa kuwa kama asilimia 30, na vinavyoanza na 9 visifike asilimia 5. Anayebuni ankara kichwani hazijui tofauti hizo, huzitawanya tarakimu karibu sawasawa. Lakini tahadhari: kanuni hiyo hailingani na orodha yenye bei za kudumu wala namba za akaunti, na tarakimu ikizidi mahali fulani si ushahidi wa wizi. Pengine meneja anaruhusiwa kuidhinisha hadi 5,000 bila saini ya pili, nawe unakuta lundo la 4,800, 4,900 na 4,950. Sasa fungua ankara hizo moja moja: muuzaji ni yuleyule? Tarehe zinafuatana? Ukizijumlisha mbili mbili zinakuwa ununuzi mmoja uliokatwa? Kama saa tatu za kufanya hivyo zimepita bila wewe kutazama saa, lipia mtihani.

SWALI: Nilihitimu kriminolojia miaka miwili iliyopita. Nimeomba kazi nyingi, sijaitwa. Nirudi kusoma uzamili?

Bado. Uzamili unaosomwa kwa sababu ya kukosa kazi humzalisha mtu yuleyule, akiwa na umri zaidi na deni zaidi. Una maana pale tangazo lenyewe linapoudai: utafiti, ualimu wa chuo, au nafasi za kitaalamu za Umoja wa Mataifa, likiwemo shirika lake la dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, ambako kwa kawaida hutakiwa uzamili, au shahada ya kwanza pamoja na miaka miwili ya ziada ya uzoefu unaofaa. Hata hapo, uzoefu hauepukiki.

Tunashuku tatizo ni wasifu wako kuorodhesha majina ya masomo. "Nadharia za uhalifu" haimwambii mwajiri unaweza kufanya nini Jumatatu asubuhi. Katika shahada yako kuna ujuzi mmoja unaouzika: mbinu za utafiti na takwimu. Wengi huuchukia na kuuzika mwisho wa ukurasa. Ufukue.

Tengeneza kazi moja ya kuonesha. Jiji la Chicago, Marekani, hutoa bure mtandaoni matukio ya uhalifu yaliyoripotiwa tangu 2001, na polisi wa England na Wales huweka yao kwenye data.police.uk kila mwezi. Pakua mwaka mmoja wa kosa moja, tuseme wizi wa magari. Safisha kwa programu ya majedwali, chora kwa QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, kisha andika kurasa mbili: wapi, saa ngapi, siku gani (data.police.uk hutaja mwezi tu, kwa hiyo saa na siku zitoe kwenye data za Chicago), na ungeshauri nini. Kwa nini mahali? Kwa sababu uhalifu haujatawanyika sawasawa. Mwanakriminolojia wa Marekani Lawrence Sherman na wenzake walipochambua simu zilizopigwa polisi jijini Minneapolis, waliripoti mwaka 1989 kwamba kiasi cha asilimia 3 ya anwani zilizalisha nusu ya simu zote. Mchambuzi analipwa kuzitafuta hizo 3.

Sasa mtego. Kwenye ramani yako ya data.police.uk utaona nukta moja nyekundu yenye matukio mengi ajabu, utafurahi, utaizungushia duara. Huenda hakuna kitu pale. Ili kulinda faragha ya waathirika, data hizo hazitoi anwani halisi: kila tukio husogezwa hadi kwenye nukta ya jirani iliyochaguliwa mapema, na matukio ya mitaa kadhaa hurundikana hapo. Chicago nayo huonesha mtaa bila namba ya nyumba. Andika aya moja ya kueleza hilo kwenye ripoti yako na jinsi ulivyoepuka kudanganyika, kwa mfano kwa kuhesabu kwa eneo badala ya nukta. Aya hiyo ndiyo itakayosomwa mara mbili na anayeajiri, maana inamwonesha kwamba hutamwaibisha mbele ya wakubwa zake.

Ripoti hiyo usiipeleke polisi peke yake. Kampuni za bima zina watu wa madai ya uongo, maduka makubwa yana vitengo vya upotevu wa bidhaa, kampuni za simu na za malipo mtandaoni zina wachunguzi wa utapeli. Hawa ni waajiri wa kriminolojia ambao hawaandiki neno kriminolojia kwenye tangazo. Tafuta kwa majina ya kazi: mchambuzi wa hatari, ofisa wa madai, mchunguzi wa utapeli. Kama moyo wako uko kwa watu zaidi ya namba, mashirika yanayohudumia waathirika na wafungwa waliotoka hupokea watu wa kujitolea. Yaulize kwanza kama waliojitolea kwao huandikiwa barua yenye idadi ya saa na majukumu. Bila barua hiyo, mwaka mzima wa kujitolea hautaonekana popote.

SWALI: Kuna shahada ya kriminolojia ya mtandaoni kwa nusu ya bei. Ni halali?

Bei haikwambii. Usianzie kwenye tovuti ya chuo, anzia kwenye orodha ya mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilikosajiliwa, ukitafuta vitu viwili: jina la chuo, na jina la shahada yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi hiyo bado haijaidhinishwa. Neno "kimetambuliwa" lenye nembo nzuri si kitu mpaka ujue nani aliyekitambua, kwa kuwa wapo wanaojitungia chombo cha kuwatambua. Kisha iandikie mamlaka ya nchi unayotaka kufanyia kazi, waulize kama shahada ya mtandaoni ya chuo hicho italinganishwa na ya darasani, na uhifadhi jibu lao.

Kwa chuo chenyewe, uliza kwa barua pepe: katika wahitimu wa mwaka jana, wangapi wameajiriwa, wangapi kati yao katika kazi zinazohusiana na fani, na wangapi walijibu uchunguzi huo? "Asilimia 90 wameajiriwa" inaweza kuwa watu 18 kati ya 20 waliojibu, na 180 wakiwa kimya. Uliza pia kama mitihani inasimamiwa, na nani atakutafutia nafasi ya mafunzo kwa vitendo mahali unapoishi. Wakikwambia ujitafutie mwenyewe, jumlisha kwenye bei miezi ya kuzunguka ofisini ukiwa na barua mkononi, maana polisi na magereza mara nyingi hawampokei mwanafunzi asiyetambulishwa na chuo wanachokifahamu.